Upinde Unaovutwa Ukiwa Umekaa

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, na jana umeniamshia yote. Uliponionyesha kwenye simu, pale nje ya kanisa, ule upinde wa kisasa, wenye vigurudumu nchani vya kupitishia uzi, unaotaka kununua ukawinde Afrika Kusini, nilikujibu tu "ni mzuri" nikaenda zangu. Tangu hapo sijatulia. Nimechemsha chai mara tatu, na mara zote tatu imepoa mezani.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini hapa Birmingham. Mwenzangu wa kazi, Ferenc, alinialika kwao Hungaria tukawinde kulungu. Hapa Uingereza sheria inakataza kuwinda kwa upinde. Kwao iliruhusiwa, na vibali alivishughulikia yeye. Nikaenda dukani. Muuzaji, Mwingereza mwenye subira, alinipima mikono akaniletea upinde wa ratili hamsini, maana uzito huo ndio nguvu utakayohitaji kuuvuta uzi wake. Mimi nikaona ananidharau. Mkamba afundishwe upinde na Mwingereza! Nikataka wa sabini. Na wawindaji walikuwa babu zangu, si mimi. Mimi nimekulia Machakos mjini, hata kwa manati sikuwahi kuangusha ndege. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na sifa za babu ni za kuazima vilevile.

Nikaupeleka Acocks Green, mtaa wa hapa hapa Birmingham, kwa shangazi yangu Mbithe, nikajishaua. Shangazi alikuwa muuguzi, lakini baba yake, yaani babu yangu, alilisha nyumba kwa upinde.

"Keti kwa hiyo stuli," akasema. "Vuta pole pole. Na mkono usiende juu."

Nikavuta. Mkono ukaenda juu.

"Wewe, unavuta upinde ama uko praise and worship?" Alicheka, kisha akakunja uso. "Rudisha hii kitu dukani, Mutua. Mwindaji anakaa, baridi inampiga, mwili unaganda, halafu ndio anavuta. Ukiwa umesimama kwa sitting room yangu, umeshiba chapati, kila mtu ni fundi."

Sikuurudisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini mimi nilitoka mzima, mwanangu. Aliyeumia ni mwingine.

Huko Hungaria tulikaa na Ferenc juu ya jukwaa la mbao msituni saa tatu nzima, vidole vimekufa ganzi. Kulungu dume akaja, hatua kama ishirini hivi, akainamisha kichwa kula. Nikavuta. Uzi haukuja. Nikainua upinde juu ili uzito wa mwili unisaidie, upinde ukayumba, naye akaona kitu kinasogea, akainua kichwa. Nikaona aibu ya kurudi mikono mitupu, nikaachia kwa haraka. Mshale ukampata tumboni.

Alikimbia. Tulifuata matone ya damu mpaka giza likaingia, na kesho yake asubuhi tukayafuata tena mpaka yakakatika kwenye kijito. Saa sita tukaondoka kuwahi ndege.

Nilipomsimulia shangazi, aliuliza kwanza habari ya kulungu.

"Alikufa?"

"Sijui, shangazi."

"Na mkarudi?"

"Nilikuwa na shift Jumatatu."

"Baba yangu hangeonja chakula. Angelala huko siku tatu. Wewe umeacha kiumbe cha Mungu na mshale tumboni, ukarudi kusukuma wagonjwa."

Nilisukuma wagonjwa miaka mingine ishirini na mitano baada ya neno hilo. Kila aliyeugulia maumivu ya tumbo, nilikuwa nikitazama ukutani.

Basi sikia. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nawaheshimu, lakini upinde uchague, tena uchague kwa muda. Kubali kupimwa mikono. Chukua ule unaoweza kuuvuta ukiwa umekaa, taratibu, mkono ukielekea mbele, ukaushikilia mpaka pumzi yako itulie. Ukiambiwa hamsini, chukua hamsini. Aibu ya dukani huisha ukifika kituo cha basi. Jaribu nje, siku ya baridi, kabla ya kula. Na tiketi ya kurudi, iache na siku mbili tatu za ziada, kwa sababu mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka umfikie. Kama kazini hawakupi hizo siku, usiende.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe jicho zuri na mkono mtulivu. Na siku mkono utakapokataa kutulia, akupe moyo wa kuushusha upinde, mnyama apite zake, nawe urudi mikono mitupu ulale usingizi.