Kibetri cha Kompyuta ya Kwaya

Kwa fundi wa kompyuta pale Tangini, mimi mwalimu mstaafu nikisubiri zamu yangu, mama mmoja, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Kompyuta yao, iliyoundwa kwa vipande vya kununua na kuwekewa mfumo wa macOS, iligoma kuwaka, na nyimbo zote walizorekodi zimo humo.

"Mama, mipangilio ya kuwashia iliyo kwenye bodi ya kompyuta imefutika. Nani aliifungua?"

"Mimi, mwanangu. Nilikwenda Moshi, nikatoa kile kibetri cha duara cha ndani kisije kikavuja. Hata redio naifanyia hivyo."

Fundi hakucheka. "Bila kibetri inasahau namna ya kuwaka." Akakirudisha, akapanga upya kipengele kimoja kimoja, mpaka kwaya ikasikika.

Mama akashusha pumzi. "Sasa nikisafiri tena?"

"Kiache humo humo."

"Kikivuja?"

Fundi akakuna kichwa. Darasani nami nilikuwa nikiulizwa maswali mazuri namna hii, kengele ya kumaliza kipindi ikiwa imeshalia.