Sweta la Baba Lililorudi

Baba yangu alikuwa na sweta moja tu alilolijali. Lilikuwa la sufu, la kijani iliyokolea, zito, na alilivaa kuanzia baridi inapoanza kushuka Njombe mwezi wa tano mpaka inapolegea mwezi wa nane. Mama ndiye aliyemnunulia, mwaka ule wa mwisho wa uhai wake. Baada ya msiba baba alihamia kwangu, kwenye nyumba ya walimu karibu na misheni. Alikuja na sweta hilo, jembe lake na redio.

Siku moja ya mwezi wa saba alirudi kutoka kuvuna viazi, sweta likiwa limejaa tope mpaka shingoni. Nikaona nimfanyie hisani. Nilichemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga bila kubana, nikalisugua kwa nguvu zangu zote, halafu nikalisuuza kwa maji ya bombani, yale ya asubuhi yanayouma vidole. Nilipolikamua nilihisi limekuwa gumu mkononi. Nilipolikung'uta niliona aibu hata kuligeuza. Lingemtosha mtoto wa darasa la pili.

"Baba, sweta limerudi," nikamwambia.

"Limerudi? Kwani lilikwenda wapi?"

Nikamnyooshea. Alilishika mabegani, akalipima kifuani mwake, akaona mikono inaishia kwenye viwiko. Kisha akalikunja kwa utaratibu, mikono ndani, kama alivyolikunja siku zote, akaliweka mezani mbele yangu.

"Basi litafutie kazi nyingine," alisema, akatoka kwenda kulisha kuku.

Sikulala vizuri wiki ile. Sweta lilikaa kabatini, na kila nilipofungua mlango lilinitazama. Siku nilipohitaji kitu cha kushikia sufuria ya moto ndipo nilipolikumbuka. Nikamuuliza baba kama naweza kulikata.

"Kata," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake.

Nilikata kipande cha mgongoni, nikangoja nyuzi zifumuke, maana sweta ukilikata linakwisha lote mkononi. Hazikufumuka. Nikavuta ukingo kwa pini, hakuna kilichochomoka. Nikakata duara, nikakata jani, nikakata pembe kali kama ya nyota. Kingo zote zilibaki safi, kana kwamba nimekata kadibodi laini. Nilisahau kabisa habari ya sufuria.

Siku iliyofuata niliazima lenzi kwenye sanduku la sayansi la shule. Chini ya lenzi sikuona tena mafundo ya kufuma. Niliona manyoya yamesokotana kila upande, yamekamatana kama nywele za mtu aliyeachana na kitana miezi mingi. Kumbe maji ya moto, sabuni na mikono yangu vilikuwa vimegeuza sweta kuwa kitambaa cha namna nyingine. Nikataka kujua zaidi. Nikachukua sweta langu la kufundishia, la bluu, nikalifanyia vilevile. Likatoka refu kuliko lilivyoingia, limelegea, halina hata dalili ya kushikana. Kwa nini lile na si hili?

Jumamosi nilipanda basi kwenda Makambako kumtafutia baba sweta jingine. Pale kwenye mitumba kuna mzee mmoja wa Kondoa, mwenye kofia ya mkono iliyodariziwa kwa uzi mweupe, anayeuza nguo za baridi tu. Nilimweleza yaliyonipata. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota.

"Pole, dada. Umelipika hilo. La kwako la bluu ni plastiki, hata ulichemshe mpaka kesho halishikani."

"Nitajuaje lipi ni la sufu?"

Alichomoa uzi mdogo kwenye pindo la sweta la kahawia, akawasha kiberiti, akaniwekea puani. "Harufu ya nini?"

"Nywele zilizoungua."

"Hilo ni kondoo." Akachoma uzi wa jingine. Ulijikunja ukawa tone jeusi gumu, na harufu yake ilinipanda kichwani. "Na hilo ni dumu la mafuta. Sasa endelea mwenyewe, nione."

Tulinusa nyuzi mpaka vidole vikanuka moshi. Nilinunua la kahawia, kubwa, la baba, na mengine mawili yaliyotoboka, jeupe na la njano, ya kuharibu kwa makusudi.

Baba alilipokea la kahawia, akashukuru, akalivaa. Hakulisifu. Mimi nikajifungia na ndoo, na safari hii mambo yaliponiharibikia nilifurahi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kijitabu cha kuhifadhia sindano. Majalada yalikuwa ya kijani, kurasa nyeupe, na juu nilitaka kudarizi ua la kiazi, lile jeupe lenye kitovu cha njano. Kudarizi nilifundishwa kidogo shuleni, na nilikuwa nimesahau hata hicho kidogo. Petali zangu zilivutika. Uzi ulizama ndani ya kitambaa kama mguu kwenye matope. Nilifumua mara tatu, nikaacha kila kitu mezani, nikaenda misa.

Niliporudi, ua lilikuwa na petali tano. Mimi nilikuwa nimeacha mbili.

Tatu zile mpya zilikuwa zimelala vizuri, mshono kando ya mshono, bila kuvuta. Nyumbani tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa ameketi kibarazani akimenya maharage, redio pembeni.

"Baba, nani amegusa kazi yangu?"

"Ulikuwa unakaza mno," alisema. "Kitambaa kinene hakitaki kukazwa. Unauacha uzi upumue."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. "Umejifunzia wapi wewe?"

Alimenya maganda mawili matatu kwanza. Kisha akanisimulia. Alipokuwa mdogo alianguka kutoka juu ya mti wa plamu akavunjika paja, akalazwa hospitali ya misheni mguu ukiwa umening'inizwa. Alisumbua wodi nzima. Sista mmoja mzee akachoka naye, akampa sindano, uzi na kipande cha shuka. Alidarizi mpaka mfupa ukaunga. Alipofika nyumbani kaka zake walimcheka hivi kwamba hakushika tena sindano mbele ya watu.

"Mama alijua?"

"Kile kitambaa cha kochi chenye tausi, unadhani nani alimaliza mkia? Mama yako alikuwa na mimba yako, mikono imemvimba. Nilikuwa nafunga mlango, nashona."

Niliingia ndani mbio, nikakitoa sandukuni nilimokihifadhi tangu msiba. Nilikuwa nimekitazama tangu utotoni bila kukiona. Mwilini mishono ilikuwa mirefu, ya haraka, ya mama. Kwenye mkia ilifupika na kutulia, mmoja mmoja, mpaka ncha ya kila unyoya. Nilipitisha kidole pale walipopokezana, mara nyingi, nikitafuta mshono wenyewe. Sikuupata.

Tangu siku hiyo tulishona pamoja jioni baada ya chakula, yeye na miwani yake, mimi na maswali yangu. Alinifundisha mshono wa mnyororo na ule wa kuzungushia kingo. Mimi nikamfundisha habari ya ndoo na maji ya moto. Mgeni akibisha hodi, mwanzoni alisukuma kazi chini ya mto. Baadaye akaacha kuisukuma.

Mwezi uliofuata alisema anakwenda Makambako mwenyewe. Alirudi na sweta jekundu, ananuka kiberiti, akasema yule mzee wa Kondoa anajua mambo. Alilichemsha, akalianika, akalikata bila kupima. Niliona vipande viwili vikubwa vya duara na kitu kama msumeno mdogo. Nilikisia kofia. Nikakisia mto.

"Subiri," alikuwa akisema.

Alipomaliza alikuwa ametengeneza kuku. Mwili mtupu ndani, kishungi juu, mabawa yamedariziwa kwa uzi mweupe kwa mishono mifupi ile ile. Akalivika birika la chai ya moto kuku huyo, akamshusha mpaka mezani.

"Sasa tuone kama itapoa," alisema, akavuta kiti.

Tulikaa tukimtazama kuku, kila mmoja akijaribu kumwingizia kidole chini, mwingine akimkataza. Tulipomimina, redio ilikuwa imeshasoma taarifa ya habari yote na michezo. Baba alionja kwanza, akaurudisha mdomo haraka.

"Inaunguza," alisema, akanisogezea kikombe changu.