Mzigo wa Mihogo Kwenda Mugeta

Niliondoka nyumbani kwa sababu shangazi yangu aliomba mbegu ya mihogo. Ndiyo sababu yenyewe, ingawa wakati ule nilijiambia kwamba nilikuwa na nyingine kubwa zaidi. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja nyuma, shahada ya historia, sina kazi, nawafundisha tuisheni watoto wa majirani kijijini kwetu, kwenye rasi iliyoingia ziwani nje ya Musoma. Kichwani nilikuwa na insha niliyotaka kuiandika juu ya nguvu kubwa zilizoigeuza dunia: ukame, magonjwa, mazao yaliyovuka bahari, bunduki, biashara. Hoja yangu ilikuwa kwamba mtu mmoja mmoja hana uzito wowote katika historia. Tunabebwa tu. Nilitaka kupita Butiama na Bunda hadi Mugeta, niitazame hoja hiyo kwa macho yangu.

Shangazi Nyamburi, dada mkubwa wa marehemu baba, aliolewa Mugeta kabla sijazaliwa. Jua la misimu miwili lilikuwa limeua mahindi yake yote na mihogo karibu yote. Ilibaki mistari mitatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yake ya chakula. Kwetu, binti aliyeolewa mbali akiishiwa mbegu huomba nyumbani alikozaliwa. Mbegu hiyo hainunuliwi, wala anayepewa haikagui. Kuikagua mbele ya aliyeileta ni sawa na kunusa chakula ulichoandaliwa ugenini.

Jumatatu alfajiri mama alikata miti ya mihogo iliyonyooka vizuri, akaifunga kwa kamba ya katani na kuizungushia gunia lenye maji.

"Mwambie shangazi yako hii imetoka shamba la baba yake," alisema. "Na usiende kumsumbua na maswali yako. Mtu ana njaa, wewe unamuulizia Wareno."

Nilicheka. Ni kweli nilikuwa nimemsimulia mara nyingi mno jinsi muhogo ulivyotoka Amerika na kufika Afrika katika meli za Wareno, katika biashara ile ile iliyobeba watumwa.

Saa nne asubuhi niliteremka Kiabakari. Hapo zamani palichimbwa dhahabu, na nilisimama kidogo pembeni mwa barabara nikitafuta dalili zake. Niliona maduka ya simenti, wauza nyanya, na mwanamke aliyeniuliza kama kuni zangu zinauzwa. Nikachukua pikipiki kwenda Butiama.

Watu wengi huja Butiama kwa ajili ya mtu mmoja. Hupiga picha kwenye kaburi la rais wa kwanza, kisha huondoka. Mimi sikwenda kaburini. Nilikuwa nimejifunza kuitilia shaka historia inayosimuliwa kwa jina la mtu mmoja, na nilijivunia shaka hiyo. Nilifikia kwa Wegesa, niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ni bibi shamba katika kata moja ya huko. Nilimkuta barazani akikwangua tope kwenye buti zake, mama yake akipepeta ulezi kando.

"Karibu, profesa usiye na chuo."

"Asante, mheshimiwa wa mbolea."

Macho yake yalishaenda kwenye mzigo. Alifungua gunia bila kuniomba ruhusa, akakwaruza ganda la mti mmoja kwa ukucha.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Mizizi yake mmechimba msimu huu?"

"Bado. Lakini majani ni mazuri sana."

"Majani yanadanganyaga. Huu ni ugonjwa wa michirizi. Juu unaona mti mzima, chini muhogo umeoza, hata nguruwe anaukataa. Kule Mugeta bado hatujauona, na ukifika unaruka shina hadi shina. Iache hapa tuichome. Nipe wiki mbili, nitakupatia safi."

Nikamuuliza nani kasema. Nikamuuliza kama si wataalamu wa aina yake waliowaambia babu zetu waache mtama walime pamba, halafu njaa ilipoingia wakawalazimisha kulima muhogo. Niliongea vizuri. Mama yake akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Huyu anabishanaga na serikali mpaka kwenye mihogo!"

Wegesa hakucheka. "Mimi si serikali. Mimi Wegesa. Angalia hapa."

Nikaangalia. Ulikuwa mstari mfupi wa rangi ya kahawia, kama kovu la zamani. Nikasema ni mkwaruzo wa kamba. Akaufunga mzigo, akaniuliza kama nitakula ugali au wali.

Jumanne mchana nilifika Bunda. Niliona maghala ya pamba, na pamba iliyodondoka kwenye malori ikiwa imenasa kwenye nyasi za kando ya barabara. Niliandika kwenye daftari kwamba viwanda vya Ulaya viliamua mkulima wa hapa apande nini kabla hajazaliwa. Bado nadhani ni kweli. Lakini nilipoandika sentensi hiyo mzigo ulikuwa katikati ya miguu yangu, na sikuutazama.

Jioni nilikuwa Mugeta. Shangazi aliupokea mzigo kwa mikono miwili na kuuweka kivulini kabla hata ya kunisalimia. Hakufungua gunia.

"Umenyooka kama baba yako," alisema. "Ila yeye alikuwaga na nyama kidogo. Chuoni hawalishi?"

"Wanalisha maneno, shangazi."

"Nimeona. Ingia ule ugali wa udaga."

Jumatano tulipanda. Alikata vipande, mimi nikachimba mashimo, tukaviweka sambamba na ile mistari yake mitatu, hatua mbili kutoka hapo, kwa sababu udongo ulikuwa tayari laini. Fungu moja alimpelekea jirani yake, Mama Nyangeta, ambaye wakati wa ukame alikuwa akigawana naye unga. Shangazi alirudi anaimba.

Ijumaa asubuhi mama alipiga simu. Walikuwa wamechimba mihogo ya kupika, kutoka kwenye mashina yale yale aliyonikatia mbegu.

"Ndani ni kahawia, imekakamaa kama gome," alisema. "Mashina manne, yote hivyo. Ulishampa?"

"Tulishapanda, mama."

Nilisikia kuku wa nyumbani kwenye simu.

Chuoni niliandika kurasa nyingi kuhusu sotoka, ugonjwa ulioshuka kutoka kaskazini ukamaliza ng'ombe wa nchi hizi, vichaka vikaota kwenye malisho, watu wakahama. Niliandika kwamba ugonjwa "ulishuka". Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa akiwaswaga wale ng'ombe, wala kama kuna mtu njiani aliyemwambia arudi.

Nilimkuta shangazi akipalilia. Nilimwambia yote, pamoja na maneno ya Wegesa. Aliegemea jembe.

"Kwa hiyo uliambiwa."

"Niliambiwa Jumatatu."

"Na hukusema."

"Sikuamini, shangazi."

"Ungesema hivyo hivyo. Kwamba umeambiwa, na huamini. Mimi ningeamua mwenyewe, shamba ni langu."

Tuling'oa kila kipande tulichopanda, tukavichoma kwenye shimo. Kisha akaniambia niende kwa Mama Nyangeta peke yangu. Kuidai tena zawadi iliyotolewa na mkono wako ni aibu, na aibu hiyo hakuwa tayari kuibeba kwa niaba yangu.

Mama Nyangeta alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Wewe kijana, mtu akikupa maji ukanywa, kesho anarudi kukukaba koo uyatapike?"

"Mama, yana ugonjwa."

"Ugonjwa! Miti mikavu hii imekohoa?" Akawaita wa nyumbani waje kumwona msomi anayepima mihogo homa. Walicheka, nami nikasubiri. Walipotulia nilimwambia kwamba mama yangu mwenyewe sasa hivi hana muhogo wa kula. Hapo uso wake ukabadilika. Alichukua jembe akaving'oa vile vipande yeye mwenyewe, kwa hasira, akinirushia miguuni kimoja kimoja. Alipomaliza akasema, kwa sauti ya chini sasa, kwamba vingine alimpelekea binti yake jana, kijiji cha pili.

Nilitembea saa mbili. Nyangeta, binti yake, alinikaribisha maji kabla ya kuniuliza shida. Alinionyesha alipopanda, tukang'oa vipande kumi na viwili. Alisema vilikuwa kumi na viwili tu. Nilipompigia mama yake, akasema alimpa kumi na vitano. Tulizunguka shamba mpaka jua likazama, tukiinama na kuinuka. Hatukupata kingine.

Jumapili nilirudi kwa njia ya Butiama, nikamweleza Wegesa kila kitu. Nilitarajia anicheke, na ningeona nafuu. Aliuliza tu majina ya waliopewa. Wiki ile ile alikwenda Mugeta na pikipiki, na baada ya mvua ya kwanza aliwapelekea mbegu safi. Nyumbani nilimkuta mama ameng'oa shamba lote. Moshi ulikuwa unaelekea ziwani.

Insha niliiandika tena. Ukame bado umo, na Wareno, na pamba, na sotoka. Siwezi kuvikana, vilitutangulia vyote. Nilichofuta ni ile sentensi ya kwamba mtu hana uzito. Nguvu zile hazina miguu. Husafiri kwa watu wenye nia njema, waliofunga mzigo vizuri, na pengine waliosimamishwa njiani na mtu mmoja anayejua, wakapita.

Mwezi uliopita shangazi alichimba shina la kwanza katika mistari yake mitatu. Alinipigia simu akiwa bado shambani, akavunja muhogo nikiwa nasikia. "Mweupe," alisema, akakata simu. Kuhusu vile vipande vitatu sijui. Mara kwa mara nakwenda kijiji kile, naomba ruhusa kwa wenye mashamba, napiga magoti nachimba kidogo chini ya shina. Wengine hunikubalia. Wengine huniuliza ni nani aliyenituma, nami huwaeleza tangu mwanzo.