Tundu Nililoliziba Juu ya Pampu

Haya, leo mmenibana, basi nitasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Ilongero, maana wao wakisimulia huongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji chumvi. Ndiyo, ni mimi yule seremala aliyening'inia kwenye paa la banda la pampu, miguu ndani kichwa nje, mbele ya mgeni wa wilaya na kijiji kizima. Na ndiyo, suruali ilichanika. Lakini hilo la suruali ndilo dogo.

Ilikuwa wakati ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi ni mtu wa Itigi, useremala nilijifunzia huko, na kijiji kipya kule upande wa Ilongero kilihitaji seremala, nikaenda. Nilikwenda peke yangu. Mke wangu, Mama Yohana, alibaki Itigi kwa mama yake pamoja na watoto wetu wawili, akaniambia wazi kwamba hawezi kuamka kila alfajiri kufuata maji ya kuchimbua kwenye mchanga wa korongo.

"Siku maji yakitoka bombani, niite," alisema. "Nitakuja siku hiyohiyo."

Akatanguliza cherehani yake kwa lori, kama rehani, mimi nikaiweka chumbani nikaifunika kitambaa. Zaidi ya mwaka nilikaa nayo. Nilikuwa napika ugali wa mtama wa mtu mmoja (na ugali wa mtu mmoja, ndugu zangu, haupikiki, ama unabaki ama unaungua), halafu nakula nikiitazama cherehani, na kuna jioni nilijikuta naiambia habari za siku. Msicheke. Upweke unamfanya mtu azungumze na chuma.

Basi kisima kikachimbwa, mashine ya dizeli ikaletwa, na fundi wa maji kutoka Singida mjini akanikabidhi kazi ya kuijengea banda: nguzo, fremu ya mbao, kuta za mbao, na paa bapa la udongo kama la nyumba zetu za tembe, kwa kuwa mabati tuliambiwa tuyasubiri. Akanichorea kwenye karatasi. "Hapa katikati, juu ya kisima," akasema, "paa uliache wazi, futi tatu kwa tatu." Nami nikainamisha kichwa kwa heshima nikajibu, "Nimeelewa, ndugu." Sikuwa nimeelewa hata kidogo, ila niliona haya kuuliza, mimi fundi niliyesifiwa toka Itigi.

Jirani yangu, Mama Elisia, mjane mwenye sauti ya kusikika hadi kijiji cha pili, alikuja asubuhi ya kwanza akaniona nachimba mashimo ya nguzo.

"Baba Yohana, huku kwetu mtu hajengi peke yake," akaniambia. "Nipe siku chache niloweke mtama, nipike pombe, na togwa ya wasiokunywa. Mzee Daudi, balozi wetu, ataita wanaume. Siku moja tu umemaliza."

Nikamjibu kwamba namshukuru, lakini kazi hii ni ya kitaalamu. Kitaalamu! Ukweli ni kwamba nilitaka Mama Yohana akifika aambiwe kuwa aliyeleta maji ni mumewe, yeye peke yake, kwa mikono yake miwili. Mama Elisia alinitazama kidogo, akajitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Sasa, boriti ni kazi ya watu wawili, mmoja huku mmoja kule, kila mtu anajua. Mimi nilikuwa nafunga upande mmoja kwa kamba kwenye nguzo, nazunguka mbio upande wa pili nainua, kamba inateleza, narudi naifunga upya, na watu wanapita kwenda shamba la kijiji na majembe begani wananisalimu "Pole na kazi," naitikia "Nishapoa," wanapita. Hakuna aliyesimama, na kwa nini asimame, kwani niliita mtu? Boriti moja ilinichukua asubuhi nzima. Mchana nilikula viazi vilivyolala, nimekaa kwenye kivuli cha fremu yangu mwenyewe, nikasikia wanavyocheka kule shambani, nikatamani sana kujua wanacheka nini.

Nilipofika kwenye paa nikaitazama ile karatasi. Tundu, juu ya mashine? Nimezaliwa ndani ya tembe, na toka utoto kazi ya paa naijua ni moja, kuzuia maji, na tukiona hata ufa wa kidole tunapanda na udongo. Nikasema huyu fundi wa mjini amezoea mabati, hajui mvua yetu. Kama ningekuwa na mtu wa pembeni angeniambia, "Kamuulize kwanza." Sikuwa naye. Nikapanga fito, nikaweka nyasi, nikamwaga udongo, nikaukanyaga mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Halafu nikamwandikia Mama Yohana barua nikimtajia siku ya ufunguzi.

Siku hiyo kijiji kizima kilikuja. Mgeni wa wilaya alifika na suti yake nyeupe, ngoma zikapigwa, na kwenye lori lililoleta viti nikamwona Mama Yohana anashuka na furushi, kavaa kitenge cha sikukuu. Nilisahau hata kumsalimia mwenyekiti wa kijiji. Mgeni akaingia bandani, fundi wa maji akaiwasha mashine, ikanguruma vizuri kabisa, tukangoja. Bomba likakohoa. Likatema upepo na tope kidogo, likanyamaza.

"Kumeziba kule chini," akasema fundi wa maji. "Si kitu, tunayavuta mabomba juu mara moja." Akainua macho. Akayashusha, akanitazama. "Tundu liko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, mbele ya watu wote. Mabomba yale ni marefu kuliko banda mara mbili, na njia yake ya kutoka kisimani ni moja tu, kwenda juu. Ningesema, "Nimekosa, nililiziba mimi," ingekwisha. Lakini Mama Yohana alikuwa amesimama pale mlangoni, ananitazama.

"Ni hawa wanakijiji," nikasema. "Walinishauri nilizibe. Walisema mvua itaharibu mashine."

 Mama Elisia akauliza polepole, na sikuwahi kumsikia akiongea polepole, "Sisi, Baba Yohana?"

 Nilinyakua jembe nikapanda juu ya paa kwa hasira ya mtu mwenye makosa, nikaanza kulitoboa, na kwa jinsi akili ilivyoniruka nilikuwa nachimba palepale niliposimama. Pigo la nne fito zikakatika. Nikadumbukia hadi kwapani, boriti zikanikamata, suruali ikapasuka toka juu hadi chini, udongo wote ukammwagikia mgeni na suti yake nyeupe, na katambuga langu moja la mpira wa tairi likamwangukia begani. Huko ndani wanaona miguu inapiga teke, huku nje wanaona kichwa kinaomba radhi.

Waliopanda kunitoa ni walewale niliowasingizia. Mzee Daudi alinishika mkono. "Tulia, bwana, usijikaze," akasema. "Ungetuita tu." Aliyenifunga kanga kiunoni nilipotua chini alikuwa Mama Elisia.

Nikamfuata Mama Yohana kwenye lori, na ile kanga kiunoni. Alikuwa hajatua furushi.

"Sikukucheka," akaniambia. "Kila mtu huanguka. Ila nimekusikia ulichosema. Hata ule mwaka ulipoharibu kabati la watu uliniambia ni mimi niliyekupa vipimo vibaya, unakumbuka? Baba Yohana, nilidhani kilichokosekana hapa ni maji."

Akapanda, lori likaondoka naye. Maji yalitoka siku ya tatu, mabomba yalipokwisha kuvutwa na kuzibuliwa, matamu, na nilichota ndoo ya kwanza nikaipeleka nyumbani, nikaiweka karibu na cherehani, nikakosa wa kumwambia aonje.

Nilizunguka nyumba hadi nyumba kuomba radhi, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Elisia. Alipika ile pombe, na ile togwa, watu wakaja, na paa tulilitengeneza upya kwa siku moja, tundu lake na kifuniko chake, vicheko vyote nikavisikia kwa karibu. Mama Yohana alikuja mara moja tu baada ya mavuno. Alikuja kuchukua cherehani. Nilimpa maji, akanywa kikombe kizima, akasema ni mazuri, akashukuru, akaenda.

Toka siku hiyo niliapa sijengi kitu peke yangu, hata banda la kuku, na sijavunja kiapo. Mkipita kwangu mkinikuta nimesimama uani na boriti miguuni, sifanyi kitu, msidhani nimechoka. Nangoja mtu wa kushika upande wa pili.