Kutafuta Malkia wa Sisimizi Nyamira

Wengine hukusanya stempu. Mimi hukusanya malkia wa sisimizi. Huwaweka ndani ya chupa za jamu zenye udongo na kuwatazama wakianzisha miji yao. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, pale dirishani pangu Nakuru, nilikuwa na chupa moja tupu. Nilikuwa nimeitengea aina ya kichwa chekundu niliyoikimbiza utotoni Kisii, baba alipokuwa na duka huko. Malkia hao huruka mara chache tu, masika yanapoanza. Basi mvua zilipokaribia niliomba likizo fupi nikafunga mzigo.

Kisii mjini nilishuka jioni. Duka la baba lilikuwa sasa la fundi cherehani. Nilisimama mlangoni nikilitazama mpaka fundi akaniuliza kama nimeleta suruali.

Asubuhi, lori lililokwenda kubeba ndizi lilinifikisha Nyamira, kwa Ogeto, rafiki niliyesoma naye. Usiku huo mvua ilinyesha. Kulipokucha jua likatoka na malkia wakaruka. Malkia aliyekwisha kupandwa hutua chini akavua mbawa zake, na huyo ndiye anayefaa. Nilihangaika kwenye njia ya ng'ombe hadi nikapata watatu. Niliwatia kwenye mkebe wa kakao, nikauacha mezani, nikaenda mtoni kunawa matope.

Mchana, Mama Moraa, mkewe Ogeto, alituandalia obokima, ule ugali wa wimbi, pamoja na mboga. Kando, kwenye kisahani, walilala malkia wangu watatu, wamekaangwa kwa samli.

"Kula, shemeji," alisema. "Mtu hurudi na mkebe baada ya mvua kisha anaona haya kusema upikwe? Naona si kumbikumbi, lakini watu wa Nakuru mnajua mnachokula."

Kukataa sahani ya mwenyeji ni kumtukana. Nikamtia mmoja mdomoni. Alikuwa mchachu kama ndimu.

"Mbona unatafuna kama uko matangani?" Mama Moraa aliuliza.

Ikabidi niseme. Ogeto aliangua kicheko. "Mama Moraa, umekaanga safari yake yote!"

Mama Moraa alishika kichwa, kisha naye akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka nusu tu: kesho yake ilikuwa lazima nirudi kazini, na malkia hawaruki kila siku.

Alasiri, Mama Moraa alichukua jembe lake la palizi. "Twende. Walioruka asubuhi hawajafika Kericho."

Niliwaeleza kwamba malkia akishavua mbawa huchimba shimo na kujifungia humo, akiacha kichuguu kidogo kama kifungo cha shati. Tukainama ukingoni mwa shamba la chai, sote watatu.

"Mmepoteza nini?" jirani aliyekuwa akichuma chai aliuliza.

"Malkia!" Mama Moraa alijibu.

"Wa Uingereza?"

Aliweka kapu chini akaja kutafuta. Jua lilikuwa limeinama Mama Moraa alipopiga kelele, "Shemeji! Huyu hapa, na mbawa hana!" Jioni yote aliupakata mkebe mwenyewe, hakumruhusu mtu kuukaribia.

Nakuru, baada ya majuma machache, malkia alitaga mayai meupe kama chembe za chumvi. Tangu hapo nimetembea kwingi, na kila nifikapo, baada ya salamu, husema waziwazi nimekuja kutafuta nini. Watu hucheka kwanza. Wakimaliza kucheka, huchukua jembe.