Siku Gunia la Viazi Lilinifanya wa Kulipwa

Tii! Hiyo sauti bado naisikia, na hata leo mizani ya duka ikilia hivyo masikio yangu yanawaka moto kwa aibu. Ilikuwa sauti ya programu yangu ya kucheza chess. Niliiandika mwenyewe mwaka wa 2008, kwa cyber ya intaneti niliyokuwa nafanya kazi hapa Nakuru, wakati hakuna wateja (shuleni sikufundishwa kompyuta, nilijifunza kwa kubahatisha na kuharibu), nikaiwekea hiyo tii ili nikiwa napiga deki nijue mashine imemaliza kufikiria na imecheza.

Basi kukatangazwa mashindano ya programu za chess kwa ukumbi mmoja kule Milimani. Kulikuwa na vitengo viwili, ridhaa na wa kulipwa, kama ndondi. Mshindi wa ridhaa angepewa kompyuta. Mimi sikuwa na yangu, na kwa mazoezi nilikuwa nimepiga programu zote za ridhaa, kwa hivyo kichwani hiyo kompyuta nilikuwa nimeshaitandikia kitambaa. Nikaamua kumbeba Mama akaone (hapo ndipo nilijichimbia shimo). Mama ni fundi wa nguo, na kazi yangu alikuwa anaiita "hiyo michezo yako ya cyber."

Mezani pa kujiandikisha mwamuzi akaniuliza, "Umewahi kulipwa kwa hii programu?"

Kabla nifungue mdomo, Mama akajibu nyuma yangu: "Kulipwa? Si aliletewa gunia zima la viazi kutoka Kuresoi!"

Ukumbi ukacheka. Ni kweli kuna mzee nilimpa nakala ya programu ampelekee bintiye acheze, wakati walikuwa wamekimbilia mjini baada ya vurugu za uchaguzi na mtoto hataki kabisa kutoka nje. Waliporudi shambani mzee akatuma viazi. Ilikuwa shukrani tu.

Mwamuzi hakucheka, akamuuliza Mama: "Madam, ni malipo ama zawadi?"

Ningesema zawadi, kompyuta ni yangu. Nikageuka nikamwona Mama. Alikuwa anaangalia watu kifua mbele, vile huangalia nguo aliyoshona ikipita kanisani.

"Ni malipo," nikamjibia.

Nikapelekwa kwa wa kulipwa, mbele ya jamaa wa Nairobi ambaye programu yake inauzwa madukani na inacheza kimya kama paka. Yangu: tii! Watu wanacheka. Tii! Halafu mfalme wangu akakwama katikati ya ubao, akaanza kufukuzwa, na kwa vile kila mara alikuwa na njia moja tu ya kukimbilia, mashine haikuwa na la kufikiria: tii! tii! tii!

"Ondokeni, lori inarudi nyuma!" jamaa mmoja akapiga kelele, na hata mwamuzi akafunika mdomo.

Kompyuta ikaenda kwa mtu niliyezoea kumshinda.

Tukirudi nyumbani Mama akaniambia, "Usilie. Nguo ya kwanza niliyouza ilipasuka harusini, bibi harusi akiwa ndani. Ukishalipwa, watu wana haki ya kukucheka."

Nimeyafikiria sana hayo maneno. Wa ridhaa akianguka anaambiwa pole, wa kulipwa anaambiwa arekebishe. Lakini nimeapa: Mama simpeleki tena kujiandikisha, atanikuta nimeshaketi.

Kesho yake nilifungua cyber mapema, nikiwa peke yangu, nikatafuta ndani ya programu mstari uliokuwa unamwacha mfalme katikati, nikaufuta, nikaanza kuandika mwingine.