Mashua Chini ya Mabati

Yadi yangu ilikuwa mtaa wa Juba Na Bari, mjini Juba, karibu na mto, na kila asubuhi niliamshwa na matenka ya maji yakigombania nafasi ya kuvuta. Niliikodi miaka michache baada ya mkataba wa amani uliomaliza vita vya Sudan. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi: mvua zikianza, barabara za Bor na Torit zinageuka uji, na wenye malori wanaleta magari yao yapumzike. Kiangazi mto ukishuka na mchanga kuanza kujitokeza, wenye mashua nao wanabisha hodi. Malori yakitoka, mashua zinaingia. Watu walisema nina akili za kibiashara. Ukweli ni kwamba mwenye kiwanja alikataa kunikodishia miezi sita, akataka nichukue mwaka mzima au niondoke.

Magari niliyajua. Nimekulia Nakuru, katika gereji ya baba yangu, na hadi leo nikisikia mtu anawasha gari vibaya hasira zinanipanda. Mashua sikuzijua hata kidogo, lakini hilo sikumwambia mtu.

Kiangazi kimoja akaja mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kabila la Wabari, wenyeji wa Juba, lakini aliyekulia kambini Adjumani, kule Uganda. Alikuwa amenunua mashua mpya ya mbao, na fundi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuipaka lami. Mama yake alikuwa bado kambini. Wakati wa vita alikuwa amekimbia kwa mashua ya watu, na akaapa kwamba siku ya kurudi kijijini kwake atarudi kwa mto. Isitoshe, njia ya kwenda huko ilikuwa bado na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, ya kuonyesha palipo na mabomu ya ardhini. Mama alitaka afike kabla ya kupanda mtama. Mwanawe akaniomba niitunze mashua mpaka mto upande kidogo.

Niliitunza, tena sana. Niliipa mahali bora kuliko pote, chini ya paa la mabati, juu ya mapipa manne, mbali na unyevu wa ardhi. Kila asubuhi niliipangusa vumbi kama gari la mkubwa fulani. Mwezi wa pili kamvua kasikotarajiwa kakanyesha, nikatoka mbio miguu mitupu na turubai nikaifunika isilowe. Mwalimu alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, tukasimama wawili tukiitazama. Alisema imekauka vizuri. Nami nikavimba kichwa.

Mama alifika mwezi wa nne kwa basi la Nimule, kutoka mpakani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupanga foleni kwenye bomba la kambi. Mwanawe alimwita haboba, yaani bibi, kama wajukuu zake walivyomwita, na punde sote tukamwita hivyo. Aliizunguka mashua mara moja. Kisha akachagua mahali ambapo ubao mmoja umekutana na mwingine, akapenyeza kidole. Kidole kikatokea upande wa pili.

Nilianza kujitetea papo hapo. Nikaeleza habari za mapipa, turubai na kupangusa kwangu kote, sauti ikipanda. Yeye alingoja nimalize.

“Nyinyi iliua yeye na kiu,” akasema kwa Kiswahili chake cha kambini.

Mwalimu akainamisha kichwa. Ndipo nilipoelewa kwamba sote wawili tulikuwa hatujui kitu: mimi niliyelelewa na magari, na yeye aliyelelewa kambini mbali na mto. Mbao za mashua zinataka maji. Zikikauka zinasinyaa, na nafasi kati yake zinafunguka. Niliona aibu hadi masikio yakawa moto. Mvua zilikuwa zimeshaanza kudondoka, watu walikuwa wakisafisha mashamba, na mama huyu alikuwa amesubiri miaka ishirini halafu mimi nimemkaushia safari.

Haboba hakuwa na muda wa aibu yangu. Alisema tuizamishe.

Dereva mmoja Mganda, aliyekuwa ameleta lori lake siku ileile ili likae msimu wa mvua, alikubali kutubebea mashua hadi mtoni. Tuliijaza mawe mpaka ikazama karibu na ukingo, ikabaki ncha ya kamba tu kwenye mti. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewaahidi watu kwamba mali yao itakuwa salama kwangu, na sasa nilikuwa nimesimama ndani ya maji hadi magotini nikizamisha mali ya mteja mchana kweupe. Wenye matenka walicheka mpaka wakasahau mipira yao ya kuvutia maji. Mmoja akaniuliza kama samaki nao watalipia maegesho. Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Siku tatu sikula vizuri. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kuangalia kamba. Siku ya nne tulitoa mawe, tukaiinua, tukachota maji ndani. Nafasi zilikuwa zimejifunga, isipokuwa mbili, na hizo Haboba aliziziba mwenyewe kwa vitambaa vya kitenge chake cha zamani na lami. Kisha akaingia, akaomba chai, akaketi humo akinywa polepole huku sisi tukikodolea macho sakafu ya mashua. Ilibaki kavu.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata na mwendeshaji aliyekuja na mashine yake ya kusukuma mashua. Haboba alinitaka niende pia, na akanionyesha pa kukaa: juu ya ule ufa uliokuwa mbaya kuliko yote. Siwezi kuogelea. Njia nzima nilikalia viganja vyangu, nikimwomba Mungu, naye Haboba alikuwa akinitazama na kucheka kimya kimya.

Kijijini hapakuwa na nyumba. Palikuwa na majani marefu kuliko mtu na mti wa lulu, ule unaotoa mafuta ya shea, na Haboba akatembea moja kwa moja hadi mahali fulani, akafyeka kwa panga lake, na mawe matatu ya jiko yakaonekana. Alilia hapo, na mimi pia nililia.

Baadaye nilimwambia mwalimu kwamba tuondoke sasa, yadi nimeiacha na kufuli tu. Haboba alisikia. Alikuwa ameshawasha moto na alikuwa akitafuta mahali pa kutandika mkeka. Akaniambia yadi itangoja, nikae nile.

“Miaka ishirini mimi ilikuwa mgeni ya watu,” akasema. “Leo mimi iko na mgeni.”

Nikavua viatu, nikakaa.